Maji au Mikono

4 Machi

Mdogo wangu Profesa,

Salamu za wote humu ndani, wakubwa kwa wadogo. Tupo, tunasukuma siku. Shemeji yako mgongo umemkamata tena tangu siku alipobeba pampu peke yake utadhani hana majirani, sasa analala sakafuni na kusema godoro lina njama naye. Mpwa wako mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kabisa kucheka mbele za watu. Mdogo wake kila siku anauliza mjomba atakuja lini. Namwambia mjomba anapima dunia, akimaliza atakuja.

Usishangae kuona barua siku hizi za simu. Boksi hili linasafiri kwa basi, na chupa zisizo na maelezo ni maji tu. Halafu, tuambiane ukweli, kwenye simu kila nikiligusa jambo hili mtandao wako unaugua ghafla. Barua haina mtandao, utaisoma mpaka mwisho.

Watoto wa chaza wanakufa. Matangi matatu Januari, matatu Februari, juzi mawili. Siku ya kwanza nikiwatazama kwenye hadubini wanazunguka vizuri, wamechangamka. Siku ya pili, ambapo kila mmoja anatakiwa awe amejitengenezea gamba lake la kwanza, naona gamba limepinda au halipo kabisa. Siku ya tatu wote wako chini ya tangi, vumbi jeupe. Akina mama arobaini na wawili wanaofuga chaza ghubani wanasubiri mbegu kutoka kwetu, nami sina hata kijiko kimoja cha kuwapa.

Mashine ya kupima ukali wa maji uliyoniletea mwaka juzi naitumia kila siku. Inasema nane nukta moja, na uliniambia nane nukta moja ni bahari yenye afya. Haijawahi kuyumba. Maji nayavuta alfajiri, kama marehemu mama alivyotuachia, kabla boti hazijayavuruga. Sijabadilisha chochote.

Sasa watu wameanza kumtazama mama mdogo. Unajua yeye ndiye mwosha matangi tangu mama alipokifungua kituo hiki cha kuzalishia chaza. Wanasema macho yameisha, hasuuzi sawasawa, anaacha sabuni. Yeye anasema maji yamebadilika. Wiki iliyopita alinishika mkono akanipeleka kwenye miamba, akang'oa chaza mkubwa na kulivunja gamba lake kwa vidole viwili, kama biskuti. Nikamwambia, mama mdogo, mashine inasema nane nukta moja.

Chupa ni sita, nimezijaza mpaka mdomoni na kuzifunga kwa nta. Zipime kwa mashine zenu kubwa, uniambie ni maji au ni mikono. Usiniandikie insha, neno moja linatosha. Kwa neno hilo mama wa miaka sitini na tatu atabaki na kazi yake au ataikosa.

Dada yako

———

2 Aprili

Profesa,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Tu wazima. Mgongo wa shemeji yako umepona, kwa hiyo amerudia tambo zake. Meno ya mpwa wako yanachungulia.

Wiki nne. Karani wa mizigo ameniapia kwamba boksi ulilipokea kwa mkono wako na ukatia sahihi. Nimekupigia ukaniambia uko kwenye kikao. Jumapili, kikao. Haya.

Tangi jingine limekufa. Jana nilimkuta mama mdogo anasuuza tangi lilelile kwa mara ya tano, vidole vimekunjamana, na mwenyekiti wa kikundi chetu amesimama nyuma yake anahesabu kwa sauti. Nilipaswa kusema kitu.

Nasubiri neno lako. Maji au mikono?

Dada

———

25 Aprili

Kwako dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe, shemeji na wapwa zangu watundu. Mimi sijambo, isipokuwa kifua kilinibana kidogo kwa sababu ya baridi ya chumba cha kazi, ambako mashine zinatunzwa vizuri kuliko sisi. Mwenzangu wa chumba, yule fundi viatu, bado anakoroma. Nimemwambia akifa nitajua mara moja, kwa sababu ya ukimya. Mpe mkubwa pole ya meno.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenifika shingoni, na watu wa hapa hawawezi kufanya jambo bila mimi.

Kuhusu lile suala lako, maji hayana neno. Mashine yako inasema nane nukta moja, na mashine haina mjomba wala shangazi, haimpendelei mtu. Chunguzeni usafi. Sabuni kidogo sana inaweza kumaliza kizazi kizima cha viumbe wadogo kama wale. Simtaji mtu. Nasema tu chunguzeni.

Wasalimie wote, na mama mdogo usimsahau.

Mdogo wako

———

14 Mei

Profesa,

Tumeipata barua yako na kifua chako tumekipa pole. Huku joto, watoto wazima, shemeji yako amepaka banda rangi ya kijani ambayo hakuna aliyemwomba.

Barua yako niliisoma mbele ya akina mama wote, katika banda la kuchambulia. Niliisoma mara mbili kwa ajili ya waliokaa nyuma. Nilipofika kwenye sabuni, mwenyekiti akasema, kama Profesa amesema, sisi ni nani. Wengine wakaitikia. Hakuna aliyemtaja kwa jina, wala haikuwa lazima, wote walikuwa wameshageuza shingo.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliuliza swali moja tu. "Amepima maji, au amepima maneno yenu?"

Nikamjibu mimi, dada mtu, kwa sauti ya uhakika kabisa, kwamba umepima. Nikamwambia apumzike kidogo. Sote mle ndani tulijua hiyo kidogo maana yake nini. Alivua buti zake akaziosha, akazisuuza, akaziinamisha ukutani zichuruzike maji. Ufunguo akauweka juu ya meza. Aliondoka pekupeku.

Sasa anapiga deki ofisi ya mizigo, kule stendi. Mtu aliyelea matangi haya miaka kumi na tisa. Ni mdogo wake mama, Profesa. Mama alipolazwa hospitali, yeye ndiye aliyemnyonyesha mmoja wetu pamoja na mwanawe, na huyo mmoja si mimi. Lakini watoto wa chaza wakipona nitajua tumefanya lililo sawa, na nitajaribu kuishi nalo.

Dada yako

———

21 Juni

Profesa,

Tu wazima wa mwili.

Wamekufa tena. Matangi niliyaosha mimi mwenyewe, kwa maji yaliyochemshwa, bila hata chembe ya sabuni. Niliyafuta kwa kitambaa nilichokipiga pasi. Usinicheke, nilikipiga pasi pande zote mbili. Siku ya pili gamba limepinda. Siku ya tatu vumbi. Mwenyekiti alikuja akachungulia, akasema labda mama mdogo ametuachia husuda yake. Nilimwonyesha mlango. Sikuwa nimewahi kumwonyesha mtu mlango maishani mwangu.

Nimekutumia boksi la pili, barua hii inalifuata. Nilipolipeleka stendi, mama mdogo alikuwa amepiga magoti anasugua chini ya mizani. Alisimama, akafuta mikono, akalipokea kabla ya karani. Hakuniuliza lina nini. Alilielekeza upande wa juu, akamwambia karani, "Lina maji hili, lisilazwe." Kisha akarudi kwenye deki yake.

Pima, mdogo wangu. Nakuomba kama ninavyomwomba daktari.

Dada

———

6 Julai

Dada yangu,

Salamu. Mimi mzima.

Fanya haya bila kuchelewa. Kwanza, ile mashine niliyokupa iweke kando, usiisome tena. Pili, acha kuvuta maji alfajiri. Vuta saa tisa au saa kumi alasiri, siku yenye jua. Tatu, kabla hujawatia watoto tangini, ongeza magadi kwenye maji. Kiasi chake nimekiandika kwenye karatasi ya pili, usikizidishe.

Usiniulize mengi kwa sasa. Msalimie mama mdogo. Mwambie namsalimia sana. Ukipita stendi mpe salamu zangu.

Mdogo wako

———

23 Agosti

Profesa, Profesa,

Leo salamu zije na vigelegele. Mkubwa anacheka tena, meno yamekuja makubwa kuliko uso wake. Shemeji yako amefufua redio ya mama. Na chaza wanaishi! Nakuandikia huku nimesimama, siwezi kukaa. Siku ya pili niliogopa kutazama, nikamwita shemeji yako atazame yeye, naye hajui hata wanafananaje. Akasema naona vitu kama kucha za mtoto. Nikamsukuma nikaweka jicho langu. Magamba, mdogo wangu, kamili, kila mmoja na lake. Matangi manne. Septemba mbegu zinakwenda ghubani.

Nimecheza ngoma nusu saa. Kisha nikakaa chini nikafikiri, na hapo furaha ikaingia mchanga.

Kama magadi na saa za kuvuta maji ndiyo dawa, basi ugonjwa ulikuwa majini. Na kama ulikuwa majini, zile chupa sita za Machi zilikuwa nao. Wewe ukaniambia maji hayana neno. Nimeisoma barua yako ya Aprili tena na tena. Husemi popote kwamba ulipima. Unasema mashine yangu ndiyo inayosema. Na ile ya Julai umemsalimu mama mdogo mara tatu katika ukurasa mmoja. Mtu hasalimu hivyo bure.

Kila nikipita stendi navuka barabara. Niambie.

Dada yako

———

12 Septemba

Dada,

Hii ni barua ya nne ninayoiandika, tatu nimezichana. Salamu zenu nimezipata na kucheka kwa meno ya mpwa wangu kulinitoa machozi. Sitaandika habari za chumba wala za fundi viatu.

Boksi la Machi sikulifungua. Lilikuwa limekaa chini ya kitanda changu wiki saba nilipokuandikia ile barua ya Aprili, na miguu nimeiegemeza juu yake.

Mimi si mpimaji. Mlipoanza kuniita Profesa nilicheka, kisha nikazoea, kisha nikaogopa kuliacha. Kazi yangu pale maabara ni kuosha chupa. Wenzangu wanapima, wanaandika, wanajadiliana, mimi nakuja na toroli nakusanya vyombo vichafu. Mashine niliyokuletea niliiokota kwenye boksi la vitu vya kutupwa. Niliona wanazirekebisha kila wiki kwa maji maalumu, nami nikajaribu mara moja kwa maji yaliyopitwa na wakati, ikasimama kwenye nane nukta moja, nikafurahi. Ingesema nane nukta moja hata ungeitumbukiza kwenye uji.

Ili chupa zako zipimwe ilinibidi nimwendee mkuu wa maabara, niseme nina dada anayeniamini. Nikaona haya. Kila siku nilisema kesho. Wewe ukataka neno moja, nami nikachagua neno ambalo halikunitaka niende kwa mtu. Sikufikiria mikono ya nani. Huo ni uongo pia. Nilifikiria, nikaandika hivyohivyo.

Boksi la pili lilipofika, kisha maneno yako kwamba mama mdogo ndiye aliyelipokea, nililibeba nikaenda nalo kwa mkuu siku hiyohiyo. Alipima mbele yangu. Saba nukta sita, na namba ikishuka ndivyo ukali unavyopanda. Akasema kwa mtoto wa chaza hayo si maji, ni siki. Akaniuliza kwa nini sikuyaleta mapema.

Alinieleza, nami nakueleza nilivyoelewa. Moshi wa dunia nzima, wa viwanda, wa magari, wa meli, haubaki wote angani. Robo yake inamezwa na bahari, na ukishaingia majini unayafanya kuwa makali. Mtoto wa chaza ana akiba ndogo ya nguvu aliyotoka nayo kwenye yai, na kwayo anajenga gamba la kwanza. Maji yakiwa makali anaitumia akiba yote kabla hajamaliza. Hafi kwa sumu, anakufa kwa kuchoka. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu usiku majani ya baharini yanapumua kama sisi na kuongeza ukali, na mchana yanapopata jua yanaupunguza. Zamani tofauti hiyo haikudhuru kitu, kwa hiyo mama hakukosea. Bahari aliyoijua yeye ilikuwa na nafasi ya kukosea.

Magadi yanatuliza maji ya tangi. Hapo ndipo dawa inapoishia, dada. Nilimwuliza mkuu kuhusu ghuba, akanitazama kama mtu anayetafuta namna ya kusema. Akasema hakuna magunia ya magadi ya kutosha duniani. Nilipaswa kukuambia hili Julai, kabla hujafurahi. Hilo nalo nilishindwa.

Wasomee akina mama barua hii yote. Usiruke mstari.

Mdogo wako, mwosha chupa

———

3 Novemba

Mdogo wangu,

Watoto wazima. Shemeji yako mzima. Mkubwa ameanza kupigana shuleni, meno mapya yamempa kiburi.

Barua yako ilikaa nami siku nyingi bila kuonyeshwa mtu. Siku za mwanzo nilikuchukia, tena kwa raha. Baadaye nikakumbuka kwamba wewe ulinyamaza kwa haya, lakini mimi ndiye niliyesema "amepima" mbele ya watu, bila kujua. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka iwe mikono, kwa sababu mikono ningeweza kuiondoa, na niliiondoa.

Mbegu tulizipeleka ghubani mwezi wa Septemba, kabla barua yako haijafika, kila mama na vikapu vyake, tukiimba. Wiki ya sita wakaanza kuvileta vikapu bandani kimyakimya. Magamba laini kama kucha za mtoto mchanga. Kaa wanayavunja bila kutumia nguvu. Katika kikapu cha mia tatu wamebaki arobaini, na hao arobaini ukiwabonyeza unawaona wanavyobonyea. Mmoja wa akina mama alimwaga chake mezani akaondoka, hakukirudia kikapu chenyewe.

Basi niliitisha mkutano. Nilikwenda stendi mwenyewe, safari hii sikuvuka barabara. Nilimkuta mama mdogo anakamua tambara. Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu yake mbichi, abiria wakitazama. Aliniambia niinuke, nitamharibia deki. Nikamwomba aje. Akauliza ni saa ngapi, akafikiri, akasema atakuja akipata ruhusa.

Alikuja na sare ya kazini. Nilisoma barua yako yote, sikuruka mstari. Nilipofika pale ulipoandika kwamba unaosha chupa, nilidhani atacheka au atalia. Alitikisa kichwa tu, polepole, kama mtu aliyeambiwa mtoto ameanguka. Mwenyekiti alianza kuomba radhi, akashindwa kumaliza. Wengine wakamzunguka, mmoja akazitwaa buti zake za zamani kutoka ukutani na kumwekea miguuni. Wakamsihi arudi, ufunguo ni wake, mshahara ni wake, kila kitu ni chake.

Aliacha wamalize wote. Kisha akanigeukia mimi.

"Hayo magadi," aliuliza, "ghubani hayatiwi?"

Nikamwambia hayatiwi.

"Kwa hiyo ni bahari yenyewe."

Nikamwambia ndiyo, mama mdogo, ni bahari yenyewe, haikuwa wewe hata siku moja.

Aliwatazama akina mama arobaini na wawili, vikapu vyao miguuni. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku tuliyomzika mama. Nilidhani nimempelekea heshima yake, Profesa. Nilidhani ndicho alichokuwa anakingoja miezi yote hii.

"Afadhali ingekuwa mikono yangu," alisema. "Mikono ningenawa."

Dada yako